Nyumba ya Buni na Lubisi: Historia ya Ukarimu katika Nchi ya Wahaya

Kila watu duniani wana namna yao ya kumkaribisha mgeni. Pwani yetu ya Afrika Mashariki mgeni huketishwa barazani, akamiminiwa kahawa chungu katika kikombe kidogo, na pembeni akawekewa kashata au tende. Uchagani hupewa mbege katika kata. Katika nchi ya Wahaya, iliyo magharibi ya Ziwa Viktoria, desturi ilikuwa kumpa mgeni vitu viwili, kimoja baada ya kingine: kwanza buni za kutafuna, kisha lubisi, yaani pombe ya ndizi. Vyote viwili vilitokana na shamba lililoizunguka nyumba, vikatengenezwa na watu wa nyumba hiyo, na vyote viwili vilitolewa bila bei.

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya vitu viwili hivyo na ya nyumba iliyovikusanya. Watu wengi wanaoujua Mkoa wa Kagera huujua kwa magunia ya kahawa yanayopakiwa bandarini Bukoba. Ni wachache wanaojua kwamba kahawa hiyo ilikuwa adabu kabla haijawa bidhaa, na kwamba ilikaa chini ya paa moja na pombe kwa vizazi vingi kabla biashara haijavitenganisha. Tena ziko nyumba chache ambamo hadi leo havijatengana. Moja ya nyumba hizo tulipata bahati ya kuizuru, na kwa hiyo tutaanza nayo.

Ziara ya Kiziba

Nyumba yenyewe iko katika uwanda wa juu wa Kiziba, kaskazini ya mji wa Bukoba, mahali ambapo njia ya vumbi huiacha mbuga ya nyasi na kuingia ghafula katika kivuli cha migomba. Wahaya huiita mbuga hiyo rweya, na shamba la migomba huliita kibanja. Mpita njia hudhani kwamba Mungu aliumba rweya nchi kavu na kibanja nchi ya rutuba. La hasha! Kibanja ni kazi ya mikono. Kwa vizazi vingi watu wamekata nyasi za rweya wakazitandaza mashinani mwa migomba. Wamechunga ng'ombe huko rweya mchana na kuwarudisha nyumbani jioni, ili samadi ianguke palipo na faida. Rutuba tunayoiona leo ni jasho la watu waliokwisha kufa, na makaburi yao yamo humo humo shambani, katikati ya migomba waliyoipanda.

Hapakuwa na kibao wala bango la kututambulisha mahali. Majirani huijua nyumba hiyo kwa harufu ya ndizi mbivu. Mwenye nyumba, mzee aliyekwisha kuzika rika lake karibu lote, alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya mlango.

"Shikamoo, mzee," tulimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Ingieni kwanza. Habari zitakuja zenyewe."

Ndani sakafu ilikuwa imetandazwa nyasi safi, zile zile za rweya. Tulipokwisha kuketi, mzee alichukua kifuko kilichofumwa kwa ganda kavu la mgomba, akakifungua, akachukua buni moja akaitafuna mwenyewe mbele ya macho yetu. Kisha akatupa sisi. Hatukuambiwa maana ya kitendo hicho, lakini hakihitaji mkalimani: mwenyeji huanza yeye, ili mgeni asiwe na shaka. Buni zilikuwa ndogo, kavu, za rangi ya hudhurungi iliyokoza. Ukiitia moja mdomoni huanza kwa ukakasi, ukafuata uchungu, na mwisho hubaki harufu ya majani yaliyochemshwa pamoja nayo. Wahaya huiita akamwani.

Jioni ilipokaribia watu walianza kuwasili. Wengine walikuja kwa ajili ya lubisi, wakapewa katika vibuyu na vikombe vya bati. Wengine, ambao dini yao au hiari yao haiwaruhusu pombe, waliketi upande wa pili wa chumba hicho hicho wakatiwa kahawa ya kunywa. Mkwe wa mzee huikaanga katika kigae cha chungu, akaitwanga katika kinu na kuichemsha katika birika. Mwislamu, Mlutheri na Mkatoliki waliketi nyumba moja, kila mmoja na kinywaji chake, wakazungumza juu ya mpaka wa shamba uliokuwa ukigombaniwa na ndugu wawili. Kifuko cha akamwani kilikuwa kikizunguka kwa wote, wanywaji na wasio wanywaji.

Tulipotaka kulipa, mzee alipokea fedha ya lubisi na ya kahawa ya birika, akairudisha ile tuliyoiongeza kwa ajili ya buni. "Lubisi nauza, maana mtama nanunua," alisema. "Kahawa ya birika nauza, maana sukari nanunua. Lakini akamwani haiuzwi ndani ya nyumba yangu. Nikiiuza, mgeni atakuwa mnunuzi."

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya. Ili kuyaelewa sawasawa, hatuna budi kurudi nyuma, tutazame jinsi vitu hivyo vilivyotengenezwa na jinsi vilivyotumika zamani.

Kazi ya Lubisi

Kwa Kiswahili tumezoea kusema kwamba pombe hupikwa. Lubisi haipikwi. Haipandishwi motoni hata mara moja, na hapo ndipo ulipo ustadi wake, kwa kuwa mtengenezaji hana moto wa kurekebishia makosa yake.

Kazi huanza shambani. Si kila ndizi inafaa. Wahaya wanazo aina nyingi za migomba, na wamezigawa kwa matumizi: ziko za kupika, ambazo ndizo chakula kikuu, ziko za kuchoma, ziko za kula mbivu, na ziko za pombe, kama vile embiire na entundu. Ndizi ya pombe ina ukakasi, na mtu akiipika haimpendezi, bali ikiiva hutoa maji matamu mengi. Mikungu iliyokomaa hukatwa, ikafukiwa katika shimo lililotandikwa majani na kupashwa joto, au ikawekwa juu ya dari ya jikoni penye moshi. Kwa siku kadhaa wanga uliomo hugeuka sukari. Mtu asiyejua huzitoa mapema kwa pupa, akapata rojo badala ya maji. Au huchelewa, zikaanza kuoza.

Zikiisha kuiva humenywa na kutiwa katika mtumbwi. Neno hilo si mfano. Chombo cha kukamulia lubisi huchongwa kwa gogo moja kama chombo cha kuvukia maji, na kwa Kihaya vyote viwili huitwa obwato. Ndipo huletwa mafungu ya nyasi. Wanaume huosha miguu yao, wakaingia mtumbwini na kuzikanyaga ndizi pamoja na nyasi hizo. Nyasi ndizo zinazoipasua nyama ya ndizi na kuyaachia maji yake; bila nyasi, ndizi hubaki uji mzito usiokamulika. Kisha nyasi hizo hizo hutumika kuwa chujio. Hivyo jani linalotandazwa sakafuni, linalofunika shina la mgomba, na lililoezeka nyumba ya zamani, ndilo pia linalokamua pombe.

Maji ya kwanza ni matamu sana, hayana kileo, na hapo watoto hujitokeza na vikombe vyao. Yanayobaki huzimuliwa kwa maji safi, yakatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa. Mtama huleta chachu, ukatoa na rangi na harufu. Mtumbwi hufunikwa kwa majani ya migomba ili joto lisitoke, ukaachwa ulale. Kesho yake au keshokutwa lubisi i tayari. Haiwekeki siku nyingi, kwani huchachuka ikawa siki. Jambo hilo dogo ndilo lililoifanya kuwa pombe ya watu wengi. Mtu hawezi kuifungia akainywa peke yake mwezi mzima. Ama awaite majirani, ama aimwage.

Zamani ugawaji wake ulikuwa na taratibu. Kabla ya watu kunywa, wazee waliokufa walikumbukwa kwa kumiminiwa kidogo. Mtawala alitengewa kibuyu chake. Aliyeazima mtumbwi alikuwa na haki yake, na waliokanyaga walikuwa na haki yao. Aliyepewa leo alijua kwamba yeye naye atakamua, na kwamba atakapokamua hatamsahau aliyempa. Kwa hiyo kibuyu cha lubisi kilikuwa kama daftari la ujirani, ambamo wema na deni viliandikwa bila wino.

Tusije tukadhaniwa kwamba tunaisifu zamani yote. Kibuyu cha mtawala hakikuwa hiari. Kilikuwa kodi iliyovaa nguo ya heshima. Kukamua kulikuwa kazi ya wanaume, lakini kukata nyasi, kubeba maji na kusaga mtama aghalabu vilikuwa kazi za wanawake, na katika ugawaji hawakuwa wa kwanza. Wala ulevi haukuanza na wakoloni. Tunachosema ni kwamba pombe hii ilikuwa na mahali pake na adabu zake.

Buni Kabla ya Biashara

Tukija kwenye buni, kosa la kwanza la kusahihisha ni wazo kwamba kahawa ililetwa Bukoba na Wazungu. Kahawa ya aina ya arabika ndiyo iliyoletwa na wamisionari wakati wa utawala wa Wajerumani. Lakini robusta ni mti wa Afrika, wenye asili yake katika misitu inayoanzia magharibi ya bara hili hadi nchi za Ziwa Viktoria. Mtaalamu wa mimea wa Ulaya alipoutolea maelezo na jina la kitaalamu mwaka 1897, mababu wa Wahaya walikuwa wamekwisha kuutunza katika vibanja vyao na kuzitafuna buni zake kwa muda mrefu.

Hata wasafiri wa kigeni walilikuta jambo hilo. Richard Burton, aliyefika Kaze karibu na Tabora mwaka 1857, alipata habari za kahawa ya Karagwe kutoka kwa wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa wakienda huko, naye aliandika kwamba watu wake huitafuna badala ya kuichemsha wakanywa. Miaka minne baadaye, mwaka 1861, Speke na Grant walipokelewa katika ikulu ya Mfalme Rumanika wa Karagwe. Basi hiyo ndiyo nchi ambayo baadaye iliambiwa kwamba ilifundishwa kahawa.

Akamwani hutengenezwa hivi. Matunda huchumwa kabla hayajaiva kabisa, yakachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha yakaanikwa mpaka yakauke. Hayamenywi, hutafunwa pamoja na ganda lake. Kwa kuwa ni mepesi na hayaozi, msafiri aliweza kuyachukua mfukoni, nayo humchangamsha mtu na kumtulizia njaa njiani. Hapo utaona jinsi vitu hivi viwili vilivyotofautiana na kukamilishana: lubisi haikai na haisafiri, buni hukaa na husafiri. Lubisi ilikuwa ya majirani. Buni ilikuwa ya mgeni na ya safari.

Lakini utumizi mkubwa kuliko wote ulikuwa katika udugu wa kuchanjiana, ambao Wahaya na jirani zao huuita omukago. Tunda moja la kahawa lina buni mbili zilizolala pamoja kama pacha. Wanaume wawili waliotaka kuwa ndugu walichanjwa karibu na kitovu. Kila mmoja akachukua buni moja ya tunda lile lile, akaipaka damu yake, akampa mwenziwe aile. Tangu hapo waliwajibika kulindana, kulishana na kuaminiana kama waliozaliwa tumbo moja. Hapana shaka kwamba watu waliochagua mbegu hii kuwa muhuri wa udugu walikuwa wameitazama kwa makini sana, na kuona ndani yake sura ya jambo walilotaka kulisema.

Kwa sababu ya heshima hiyo, watawala waliiweka mibuni chini ya usimamizi wao mkali. Haikuwa zao la kupandwa ovyo na kila mtu. Miti ilikuwa michache, ikitunzwa karibu na nyumba, na ilipita kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Wingi haukutafutwa, kwa sababu kiasi cha buni kilipimwa kwa idadi ya wageni, si kwa idadi ya magunia.

Hapa inafaa tutaje jambo moja la lugha. Neno letu "kahawa" limetoka katika Kiarabu, qahwa, na wanachuoni wa lugha hiyo hueleza kwamba hapo kale neno hilo lilikuwa miongoni mwa majina ya mvinyo, kabla halijahamia kwenye kinywaji cha buni. Hivyo, hata ng'ambo ya bahari, mvinyo na kahawa viliwahi kuitwa kwa jina moja. Wahaya hawakulijua hilo, wala hawakulihitaji. Walikuwa wamekwisha kuvikutanisha kwa vitendo.

Kahawa Yageuka Fedha

Mwaka 1890 Emin Pasha, kwa niaba ya Wajerumani, aliweka kituo Bukoba. Kodi ya nyumba ilipoanza kudaiwa katika koloni lao mwaka 1898, watu walihitaji fedha ambayo hapo awali hawakuwa na haja nayo. Kisha, mwishoni mwa mwaka 1901, reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilifika ufukoni mwa Ziwa Viktoria, mahali panapoitwa Kisumu leo. Tangu siku hiyo gunia la kahawa lililotoka Bukoba liliweza kuvuka ziwa kwa meli na kufika baharini kwa treni. Mambo hayo mawili, kodi na reli, ndiyo yaliyougeuza mti wa heshima kuwa mti wa fedha. Mipaka ya watawala juu ya upandaji ikavunjika, na kila mwenye kibanja akahimizwa kupanda.

Tukumbuke pia kwamba wakulima wenyewe hawakusukumwa tu kama ng'ombe. Walipoona faida waliikamata kwa mikono miwili. Katika miaka ya 1920, bei ilipopanda, Bukoba ilipata nyumba za bati, shule na vyama vya wananchi. Bei ilipoanguka baada ya mwaka 1929, walijifunza kwamba thamani ya jasho lao huamuliwa mbali, na watu wasiowajua. Na mwaka 1937, serikali ya Kiingereza ilipowatungia kanuni mpya za utunzaji wa mibuni, wakulima walizikataa hadharani. Waliona kwamba mtu anayekuamuru jinsi ya kuutunza mti wako karibu atadai kuwa mti ni wake. Serikali ilijibu kwa nguvu, lakini fundisho lilibaki. Mwaka 1950 ulianzishwa Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Bukoba, ili mkulima auze kwa chombo chake mwenyewe.

Baada ya Uhuru historia hiyo iliendelea kwa milima na mabonde. Miungano ya ushirika ilivunjwa mwaka 1976 na kazi yake ikapewa mashirika ya umma; sheria ya mwaka 1982 ikairudisha. Mkoa wenyewe, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ulipewa jina la Kagera mwaka 1979, baada ya vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin.

Katika safari hiyo yote kahawa ilijenga mengi, na asiyekiri hivyo hana shukrani. Lakini iko hasara ambayo haikuandikwa katika vitabu vya hesabu. Mkulima alizoea kuiona kahawa kama kitu cha kupeleka kwa wengine. Mabaya zaidi ni ile biashara inayoitwa butura, ambayo mnunuzi humpa mkulima mwenye shida fedha kidogo na kujitwalia kahawa ingali maua au matunda mabichi mtini. Tuupime mgeuko huo. Buni ambayo zamani iliunganisha damu za watu wawili ili mmoja amwokoe mwenzake wakati wa dhiki, ndiyo inayotumiwa leo na mtu mmoja kujinufaisha kwa dhiki ya mwenzake. Serikali imeipiga vita butura mara nyingi, na inastahili kuungwa mkono. Lakini sheria peke yake haiwezi kurudisha adabu iliyosahauliwa.

Pombe Yatengwa

Wakati buni ilipokuwa ikipandishwa cheo na kuitwa zao la uchumi, lubisi ilishushwa. Katika macho ya mkoloni pombe ya mwenyeji ilikuwa hatari ya kudhibitiwa na chanzo cha ushuru. Zikatungwa sheria za leseni na saa za kuuzia, na pombe ikahamishwa kutoka nyumbani kwenda kilabuni. Nchi huru nayo iliona haja ya kudhibiti ulevi, na mwaka 1968 ikatunga sheria yake ya vileo. Hatusemi kwamba udhibiti haukuhitajiwa. Lakini kilabu ni nyumba isiyo na mwenyewe. Hakuna mzee wa kumwambia kijana, "Mwanangu, chako kimetosha." Hakuna kumbukumbu ya nani alikamua jana na nani atakamua kesho. Kila mtu hulipa chake na kuondoka.

Kisha kuna jambo la kutonesha lubisi juu ya moto na kuifanya pombe kali, ambayo Wahaya huiita enkonyagi na sehemu nyingine huitwa gongo. Hiyo hukaa, husafiri na hufichika. Kwa hiyo mtu anaweza kuinywa peke yake gizani. Yale yaliyoifanya lubisi kuwa kinywaji cha ujirani yote yametolewa humo pamoja na maji. Sheria inaikataza, na familia nyingi zinajua kwa uchungu sababu yake.

Hivyo vitu viwili vilivyokaa katika nyumba moja vikatokea kwa milango miwili. Kimoja kilikwenda ng'ambo kikapata sifa, kingine kilikwenda kichochoroni kikapata aibu. Na nyumba yenyewe ikabaki bila mazungumzo.

Maradhi Mawili

Kana kwamba hayo hayakutosha, mimea yenyewe imepatwa na misiba. Mwaka 1997 iligunduliwa katika Kagera maradhi ya mnyauko wa kahawa, yanayosababishwa na ukungu. Hushambulia robusta, na mti ukishashikwa hukauka wote. Mwaka 2006 ulithibitishwa wilayani Muleba mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria, ambao mwaka 2001 ulikuwa umekwisha kuonekana nchini Uganda. Huu husambazwa na visu vya kupogolea, na wadudu wanaotua katika maua ya migomba. Baadhi ya aina za ndizi za pombe, hasa ile iitwayo kainja, hushikwa upesi zaidi kuliko nyingine. Wakulima walifundishwa kukata ua la mgomba kwa kijiti chenye pacha badala ya kisu, kuchoma visu motoni, na kung'oa mashina yaliyougua.

Mzee wetu wa Kiziba alitupeleka nyuma ya nyumba akatuonyesha uwazi mkubwa katika kibanja chake, uliopandwa maharage. Hapo ndipo ilipokuwa migomba yake ya pombe. Aliing'oa kwa mikono yake, mashina mengine yakiwa yamepandwa na baba yake. Siku hizi hununua ndizi kwa jirani, na hukamua mara moja tu pale alipokuwa akikamua mara tatu. Mtumbwi wake una ufa, na fundi aliyeuchonga amefariki bila kuacha mwanafunzi. Kwa upande wa mibuni, aliyonayo huiuza kwa chama cha msingi. Lakini karibu na mlango ipo mitatu mizee, yenye mashina yaliyopinda, ambayo haiingii katika hesabu ya chama wala ya mnunuzi yeyote.

"Hii ni ya wageni," alisema. "Mwaka ule mjukuu wangu alipougua, alikuja mtu wa butura. Nilimpa kahawa yote ya kule chini. Akaitazama hii mitatu. Nikamwambia, hiyo siyo yangu, ni ya mtu ambaye hajafika."

Hitimisho

Mwezi Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alitaka tutafute yaliyo mema katika mila za makabila yetu na kuyafanya mali ya taifa zima. Tangu hapo tumekusanya ngoma, hadithi, vinyago na nyumba za asili. Hata katika Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, mtu anaweza kuingia katika nyumba ya msonge ya Wahaya. Kazi hiyo ni njema. Lakini nyumba bila buni na bila lubisi ni nyasi na miti tu. Kilichoifanya kuwa nyumba ya Mhaya ni kile alichotiliwa mkononi mtu aliyeingia.

Hatusemi kwamba udugu wa kuchanjiana urudishwe. Elimu ya afya imetufundisha hatari ya kuchanganya damu. Wala hatusemi kwamba mkulima aache kuuza kahawa, kwani ada za shule hazilipwi kwa akamwani. Tunasema kwamba mambo matatu yanawezekana. Kwanza, ujuzi wa kukamua lubisi na kuchonga mtumbwi wake urithishwe kabla waliobaki nao hawajaondoka. Pili, aina za ndizi za pombe zihifadhiwe pamoja na zile za chakula kila panapopandwa migomba safi, maana aina ikipotea huondoka na majina na maarifa yake. Tatu, sisi watu wa taifa linalolima kahawa tujifunze kuitumia na kukaribishana kwayo, badala ya kuiona kama mzigo wa watu wengine.

Tulipoaga, giza lilikuwa limeingia. Wale ndugu wawili waliogombania mpaka walikuwa wameitwa na kuketishwa, mmoja na kibuyu chake, mwingine na kikombe chake cha kahawa, kwa kuwa yeye hanywi pombe. Hatukungoja kuona mwisho wa shauri lao. Mzee alitusindikiza hadi mwisho wa kibanja, mahali rweya inapoanza, akatutilia mkononi buni chache za njiani. Tulizihesabu baadaye tukaona zimelingana na idadi yetu, na moja ya ziada. Bila shaka ilikuwa ya yule tutakayekutana naye njiani.